Kabichi Uliyoiacha Mtungini

Mama Neema,

Kabla ya salamu nikupe habari unayoisubiri: kabichi yako haikuharibika. Najua hukuwa na hamu ya mengine. Siku ile ya mwisho hospitalini, umelala na mirija puani, hukuniuliza madaktari wamesema nini. Uliniuliza kama nimeweka jiwe juu ya mtungi. Nikakuambia nimeweka. Ukafumba macho ukasema, "Basi, khalas, nenda kazini."

Sasa shikamoo. Sijui kama marehemu huamkiwa, lakini wewe ndiye uliyenifundisha kuamkia. Sisi watu wa Kisii tunapeana mikono, tunaulizana habari za nyumbani, tunamaliza. Wiki yangu ya kwanza pale jikoni nilikusalimia "niaje" kama mtu wa rika langu, ukaninunia hadi jioni. Kwa hiyo shikamoo, Mama Neema, na huko uliko naamini utaitikia bila haraka kama kawaida yako, baada ya kumaliza unachokikata.

Ulifika kwenu salama. Tulikusindikiza uwanja wa ndege mpaka pale wanaporuhusu watu kufika, mimi na Nakato mhudumu wa ukumbini na Kamau mlinzi. Kamau alikuja na sare yake ya kazi kwa sababu alikuwa ametoroka lindo. Mazishi tuliyaona kwenye simu ya Nakato, tumeketi watatu kwenye kitanda chako kule chumbani kwako Satwa, na mtandao ulikuwa unakatikakatika. Tuliona migomba, tukaona mwavuli wa mtu, tukaona mkono wa padri, halafu picha ikaganda kwenye uso wa Neema kwa muda mrefu. Nilipata nafasi ya kumtazama vizuri. Ana paji lako la uso, na ile namna yako ya kukunja midomo unapojizuia kulia. Sisi hatukujizuia.

Mizigo yako tumeipeleka bandari ya Hamriya na imeshapakiwa kwenda Dar: friji, mablanketi, na ile cherehani uliyoinunua kwa fundi wa mtaani kwako na hukuwahi kuishonea hata leso. Mwiko wako sikuupeleka. Neema akiudai nitampa, ila naomba asiudai.

Jiwe pia liko hapa. Kila mfanyakazi mpya husimuliwa habari za hilo jiwe kabla hata hajaonyeshwa choo kiliko. Mtu anatoka likizo Moshi, wenzake wamebeba kahawa na ndizi mbivu, yeye amebeba jiwe la mtoni kwenye mkoba. Askari wa uwanja wa ndege akakuuliza ni la nini, ukamjibu ni la kabichi, na ulivyomtazama akaona heri akuache upite. Nimeipenda hadithi hiyo tangu siku ya kwanza niliyoisikia. Ulikataa kukandamizia kabichi kwa sahani na makopo ya maji kama wanavyofanya wengine. Ulitaka kitu kizito, kisafi, kilichozoea maji, na ulijua kiko wapi, ukakifuata.

Nikiwasimulia watu tulivyokuwa tunafanya kazi wanadhani nawatania. Msabato, mtoto wa mzee wa kanisa, hali nguruwe, hanywi mvinyo, hata chai ya rangi haigusi, ndiye anayepika nguruwe ndani ya mvinyo katika hoteli ya Marina. Unakumbuka nilivyoingia. Wakala alinileta kuosha vyombo. Msimamizi akasoma jina langu, akaona ni la Kikristo, akaniambia yalla, haraka, chumba cha nyuma. Chumba chenye mlango wake, sinki lake, friji yake na visu vyake vya mipini myekundu ambavyo havivuki kizingiti, kwa sababu tuko nchi ya Waislamu na nguruwe wa wageni lazima akae kwake peke yake. Nilisimama mlangoni nimevaa glavu mbili mbili. Ukaniuliza naogopa nini. Nikasema mimi ni Msabato. Ulicheka mpaka ukashika ukingo wa meza, halafu ukasema, "Haya, Msabato, lete mikono. Mdomo ninao mimi."

Nilimpigia baba simu jioni ile nikitaka kujua kama natenda dhambi. Akauliza kama nanawa mikono kabla ya kula. Nikasema nanawa. Akasema basi fanya kazi mwanangu, mdomo wako ulinde mwenyewe. Wewe ulipopata habari hiyo ukasema ungependa kumfahamu mzee yule, na kila nilipompigia baada ya hapo ulikuwa unapaza sauti kutoka kwenye sinki kumsalimia, naye alikuwa anakuulizia mpaka juzi nilipomwambia umetutoka. Alikuombea kwa Kikisii, maombi marefu, salio langu likaishia humo.

Kwa hiyo niliosha vyombo, nikamenya vitunguu, halafu polepole ukanisogeza kwenye sufuria kubwa. Ulinifundisha yote. Kabichi inatolewa mtungini, inasuuzwa maji mamoja tu, inakamuliwa. Mimi nilitaka kuiosha maji matatu kama mama yangu anavyoosha mboga, ukanishika mkono ukaniuliza kama nataka kuizika au kuipika. Vitunguu vinalainika kwenye mafuta ya nguruwe bila kubadilika rangi. Tandaza nusu ya kabichi. Panga mbavu zilizokaushwa kwa moshi, kipande cha bega, bekoni nzima isiyokatwa. Karafuu, pilipili manga, na vile vitunda vyeusi vikavu vinavyonukia msitu. Funika kwa kabichi iliyobaki, mimina mvinyo mweupe mpaka uonekane pembeni tu, funga mfuniko, tia ndani ya oveni kwa moto mdogo, uondoe mikono. Hapo ndipo nilipokuwa nashindwa. Nilikuwa nataka kufunua, kukoroga, kuongeza, na wewe ulikuwa unavuta kiti unakiweka mbele ya oveni, unakikalia, unamenya viazi. Ulikuwa unamlinda yule nguruwe nisimsumbue.

Sijapata kuona mtu asiye na haraka kama wewe katika mji huu. Huku kila mtu ni yalla yalla, msimamizi anapiga makofi, wahudumu wanagongana mlangoni, na nyuma ya mlango mmoja mwanamke wa Kichaga ameketi anamenya viazi, anangoja kabichi. Wale waliokuja kukuharakisha uliwaitikia kwa adabu zote, "Ndiyo bosi, inakuja," na haikuja mpaka ilipotaka yenyewe. Nilikuwa nakuogopea. Baadaye nikagundua kwamba hakuna aliyekugusa kwa sababu hakuna aliyeweza kufanya unachofanya.

Uliniambia ulijifunzia kwa bibi yako, kwenye mbege, ile pombe yenu ya ndizi. Kwamba ndizi na ulezi vikiwa kwenye chombo vinatoa sauti, na bibi alikuwa anakuinamisha usikilize, akikuuliza, wamefika wapi. Yule mpishi mzee wa Kizungu aliyekuachia sufuria kabla hajarudi kwao alikuonyesha kabichi na chumvi, lakini kusikiliza ulikuja nako. Na mimi nilipokuambia nyumbani kwetu mama anapika mboga ya chinsaga, anaitia maziwa, anaipasha kila siku mpaka ipate uchachu wake, uliacha kisu ukanitazama kwa heshima kwa mara ya kwanza. Ukasema kumbe Msabato una kwenu.

Kisha mdomo wako. Hapo ndipo nashindwa kueleza watu. Ukifika wakati wako, na wewe tu ndiye uliyejua umefika, ulikuwa unainuka, unafunua mfuniko kidogo, unaniita niinamie na mimi mvuke unitoe machozi, unachota kijiko kimoja, unafumba macho. Hukusema tamu. Sikukusikia hata siku moja ukisema tamu. Ulikuwa unasema, "Bado wanagombana," maana yake mvinyo na uchachu kila mmoja anataka asikike yeye. Ukafunika. Mara nyingine ulisema, "Wananuniana." Hiyo ilikuwa mbaya zaidi, ilikuwa na maana kwamba moto umezidi au kabichi imeoshwa sana, ladha zimekaa kimya kila moja kona yake, na ulinifanya nitafute dawa: punje ya karafuu, tofaa la kukwangua, kijiko cha maji ya mtungi. Na mwishoni ulikuwa unasema kwa sauti ya chini, "Sasa wameketi." Hapo tu ndipo soseji zilipoingia, bila kuchomwa, zipate joto tu zisipasuke, na viazi juu yake.

Wameketi. Neno hilo nimelisikia Jumapili nyingi sana, kila siku ya kabichi.

Na unakumbuka chakula chetu sisi. Kabla ya kuweka nguruwe ulikuwa unanitengea kabichi yangu kwenye bakuli la kijani, haijagusa kitu, ukaikaanga kwenye kikaango changu chenye alama yangu, kwa mafuta ya alizeti na kitunguu na nyanya kidogo. Tulisonga ugali kwenye chumba cha wafanyakazi, wewe na ugali wako laini wa Kitanzania, mimi nikilalamika kwamba huo ni uji uliokata tamaa. Kamau akija anauliza sukuma hii imekuwaje nyeupe. Ulimpa kitimoto chako, yule nguruwe uliyekuwa unamwita mbuzi katoliki, akala huku anafumba macho, na wewe ukanisogezea kikombe changu cha maji ya moto matupu bila kunicheka. Ulinicheka kwa mengine yote, kwa hilo hukunicheka. Jumamosi zangu ulizishika wewe miaka yote hiyo ili niende kusali, na hukuwahi kunikumbusha.

Sasa nikueleze yaliyotokea baada yako, na usinikate maneno.

Wiki ileile uliyosafirishwa aliletwa mpishi mkuu mpya. Si mtu mbaya. Ni kijana, ana haraka, alitoka hoteli nyingine ya hapa hapa Marina. Aliingia chumba chetu, akatazama mtungi, akatazama jiwe, akaniuliza hili jiwe linafanya nini jikoni kwake. Nikamweleza. Akasema kabichi kama hii ipo ya kopo, na nyama inaiva upesi kwenye sufuria ya presha, na chumba hiki angeweza kukifanya stoo. Nikamwomba aniache nipike kama kawaida. Akauliza nani alikuwa anaonja. Nikasema marehemu. Akauliza kwa nini si mimi. Nikamwambia. Akayarudia maneno yangu, mpishi asiyeonja anachopika. Akasema ananipa Jumapili mbili. Ikishindikana, kopo, na mimi nirudi kwenye vyombo.

Vyombo havikuniogopesha, nilikotoka ni huko huko. Kilichoniogopesha ni kwamba jina lako halijaandikwa popote katika hoteli ile. Kwenye orodha ya chakula imeandikwa kabichi kwa jina lake la kigeni, basi. Sufuria ile ikiondoka, hakuna atakayejua kwamba ulipita hapa na ulikuwa unafanya kazi vile. Nilishindwa kula siku mbili kwa kulifikiria hilo.

Jumapili ya kwanza niliitumia kabichi iliyobaki kwenye mtungi mdogo wa akiba. Wako, ule mkubwa, sikuugusa. Nikapika kila kitu kama ulivyonifundisha, nikakalia kiti chako, viazi nikamenya. Ilipofika saa ya kuonja nikaingiwa na hofu, Mama Neema. Nikasema mimi sina mdomo, nitafute mdomo. Nikamwita Kamau mlangoni. Akaonja, akasema, "Buda, hii iko fiti, lakini ongeza chumvi kiasi." Nikaongeza. Nakato akapita kuchukua sahani, nikampa kijiko, akakunja uso, "Eh, ssebo, hii ni kali, weka sukari." Nikaweka. Mpishi mkuu naye akapita, akaonja, akasema imepooza, akamimina mvinyo mwenyewe kutoka kwenye chupa. Nikakoroga. Ndiyo, nilikoroga. Nilikoroga mbele ya kiti chako. Kwa kuhangaika na midomo ya watu watatu nikasahau soseji zikapasuka.

Unamkumbuka yule mzee wa meza ya dirishani, anayekuja peke yake kila Jumapili, aliyewahi kusogea mpaka mlango wa jikoni akavua kofia akakushukuru na wewe ukajificha nyuma ya friji. Alikuja. Siku zote sahani yake inarudi imefutwa kwa mkate, ulikuwa unaiangalia kabla ya nyingine zote. Jumapili ile ilirudi nusu. Hakulalamika. Alimwuliza Nakato tu kama Mama hayupo leo, na Nakato kwa kushindwa kulitamka neno la kifo akamjibu kwamba umeenda likizo. Akaja akaniambia huku anafuta macho kwa kitambaa cha meza. Nikakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikakuomba msamaha kwa sauti, nikidhani niko peke yangu, kumbe mpishi mkuu amesimama mlangoni. Akageuka akaondoka.

Ikabaki Jumapili moja, na mtungi wako.

Ule mtungi niliuogopa. Kabichi ile uliikata wewe, ukaitia chumvi wewe, ukaiponda kwa ngumi zako siku chache kabla ya kuanguka, na wakati wewe unazikwa yenyewe ilikuwa inaendelea na kazi yake pale chini, inatoa povu, inachacha kwa mpango uliouacha. Kila asubuhi nilikuwa nafungua kitambaa nafuta ukingo, sauti yake naisikia. Mara nikatamani nisiifungue kabisa, ibaki hivyo, iwe ya kwako. Halafu nikakufikiria ukiona nimeweka kabichi nzuri izeeke kwa sababu ya majonzi. Ungeniita kila jina.

Nikaondoa jiwe. Nikatoa kiganja kimoja nikala, hiyo mbichi ninaruhusiwa. Ilikuwa kali, safi, na nyuma yake kuna utamu mdogo unaochelewa kufika. Nikaisuuza maji mamoja. Nikaikamua. Nikapanga kila kitu mahali pake, nikafunga mfuniko, nikaiweka kwenye oveni, kisha nikafunga na mlango wa chumba kwa ndani. Kamau aligonga. Nakato aligonga. Nikawaambia waje baadaye. Mpishi mkuu alitazama kwenye kioo cha mlango, akaniona nimeketi kwenye kiti namenya viazi, akaenda zake.

Nilikuwa sijui nitafanya nini, nikwambie ukweli. Nilikuwa nimeamua tu kwamba heri niiharibu mwenyewe kuliko iharibiwe na kila anayepita. Ilipofika wakati nikainuka, nikafunua mfuniko kidogo, nikainama kama ulivyokuwa unaniinamisha. Mvuke ukanipiga puani, ukali wa mvinyo mbele, uchachu nyuma yake, havijuani. Na nikasikia kichwani mwangu, kwa sauti yako na lafudhi yako ya Moshi, "Bado wanagombana."

Nikafunika. Nilikaa chini nikaanza kucheka peke yangu, maana nilikuwa nimekuelewa. Miaka yote ile uliyokuwa unaniita niinamie sufuria kabla hujaonja, nilidhani unanitania, unataka Msabato atoke machozi. Kumbe kila uliposema neno lako pua yangu ilikuwa pale pale juu ya mvuke uleule uliokuwa unauonja. Ulikuwa unanipa ladha kupitia mlango pekee nilioruhusiwa kuufungua, na hukuniambia. Mtu mwingine angenishawishi nionje kidogo tu, Mungu haoni jikoni. Wengi wameniambia hivyo. Wewe uliheshimu mdomo wangu, ukaifundisha pua yangu, ukaniacha nidhani nasaidia tu.

Nilifunua mara ya pili baadaye sana. Havikuwa vinagombana, lakini vilikuwa vimenuna, moshi wa nyama umejitenga. Nikachota kijiko kimoja cha maji ya mtungi wako, nikamimina pembeni, sikukoroga. Nikafunika nikangoja. Nje wahudumu walikuwa wanaita, yalla, meza zimejaa. Nikawaitikia kwa adabu zote kwamba inakuja. Mara ya tatu nilipoinama sikusikia kitu kimoja mbele ya kingine. Ilikuwa harufu moja, pana, ya upole, inakaa puani bila kusukuma. Nilitamka neno lako mwenyewe, kwa sauti ya chini, maana hakukuwa na mwingine wa kulitamka. Nikaweka soseji, nikaweka viazi, nikafungua mlango.

Sahani ya mzee wa dirishani niliipanga mwenyewe, haradali pembeni kama anavyopenda. Halafu nikaenda kuosha kuta za sinki ambazo zilikuwa safi.

Nakato alirudi na sahani imefutwa kwa mkate. Alisimama nayo mlangoni asiingie. Nikamwuliza nini. Akasema mzee anauliza, Mama amerudi lini kutoka likizo.

Nilivua aproni. Unajua sisi wa nyuma haturuhusiwi ukumbini, na nilikuwa nanuka vitunguu, lakini nilitoka, nikapita katikati ya meza zote za watu wenye manukato mpaka dirishani. Nikamwambia kwa Kiingereza changu hiki kwamba Mama alifariki, alishazikwa kwao, na kwamba kabichi aliyokula leo aliichachusha mwenyewe kabla hajaondoka. Alisimama. Kofia hakuwa nayo kichwani, ilikuwa kwenye kiti, akaichukua akaishika kifuani kama ile siku uliyojificha nyuma ya friji. Tulisimama hivyo, mimi na yeye, na watu wakaacha kula wakatutazama.

Mpishi mkuu alikuwa ameona yote. Nilijua nitafukuzwa kwa kwenda ukumbini, nikarudi chumbani nikaanza kukusanya vitu vyangu. Akaja na kijiko, akachota chini kabisa ya sufuria, akala. Akachota tena. Akaniuliza nani ameonja leo, maana aliona mlango umefungwa na anajua mimi sionji. Nikamjibu ni Mama Neema. Alifikiri nimechanganyikiwa, akanitazama usoni, akaona sikuchanganyikiwa. Akakaa kwenye kiti chako, akala yote iliyobaki chini ya sufuria, na alipomaliza akasema kila Jumapili. Halafu akauliza kama jiwe lile linaweza kuchemshwa kabla ya kutumika, kwa ajili ya wakaguzi. Nikamwambia ulikuwa unalichemsha kila mara tangu lilipotoka Moshi.

Kwa hiyo hayo ndiyo mambo, Mama Neema. Kwenye orodha ya chakula bado imeandikwa jina lake la kigeni. Lakini Nakato, akileta oda jikoni, siku hizi anaita "Moja ya Mama," na wahudumu wengine wameshaiga, hata yule Mnepali asiyejua Kiswahili. Mpishi mkuu naye amesikika akisema hivyo mara moja, akajikohoza.

Neema aliniandikia akiniuliza ulikuwa unafanya kazi gani hasa huku, kwamba uliwaambia uko jikoni tu. Nimemjibu kwa ujumbe wa sauti mrefu, nikamweleza mpaka simu ikapata moto. Nilimwambia mama yake alikuwa mpishi ambaye watu walimvulia kofia. Nikamwambia pia kwamba siwezi kumpikia, mambo ya nguruwe na mvinyo kwa simu hayaelezeki, lakini akija nitampa mwiko ashike, na yeye aonje kwa ajili yangu. Amesema anapenda sana mbuzi katoliki. Nilicheka nikalia kwa wakati mmoja.

Nakuahidi mawili, machache nitakayoweza. Kwamba sitakubali mtu akoroge. Na kwamba yeyote atakayewekwa na mimi chumba kile, mwenye dini yake na miiko yake, nitaheshimu anachokikataa na nitatafuta mlango alionao. Wewe ulinitafutia wa kwangu kwa miaka, bila kuutaja.

Jana nimekata kabichi mpya. Nimeitia chumvi, nimeiponda kwa ngumi kama ulivyokuwa unaiponda, nikamwagia kikombe cha maji yaliyobaki kwenye mtungi wako ili ianze ikiwa inajua inakokwenda. Leo asubuhi nimetega sikio, imeshaanza kusema.

Pumzisha mdomo sasa, Mama Neema. Jiwe nimeliweka.

Wako,
Msabato